Kupanga Vikundi vya Waumini katika Programu ya Kanisa

Programu ya usimamizi wa kanisa hutunza taarifa za waumini na familia zao, sadaka, mahudhurio na ratiba za ibada. Sehemu yake inayohitaji fikra nyingi kabla ya kuanza kazi ni ya vikundi, kwa sababu maisha ya kanisa huendeshwa humo: jumuiya, kwaya, vijana, shule ya Jumapili, darasa la kipaimara, kamati ya ujenzi.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila muumini huandikwa mara moja tu. Kwenye madaftari, kila katibu ana orodha yake. Mama mmoja huwa na jina lake katika orodha ya jumuiya, ya kwaya na ya kamati, na akibadili namba ya simu husahihishwa katika orodha moja huku nyingine zikibaki na namba ya zamani. Katika programu, kikundi hakibebi nakala ya muumini. Kinaelekeza tu kwenye taarifa zake. ChurchCRM, programu huria isiyolipiwa, imejengwa hivyo: mtu huunganishwa na familia yake, kisha huingizwa katika vikundi vingi kadiri inavyohitajika, na katika kila kimoja hupewa jukumu lake.

Hatua inayofuata ni kutofautisha aina za vikundi. Aina ya kwanza hufuata makazi. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi wakaweka ujenzi wa jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Leo jumuiya ndiyo ngazi ya chini ya parokia, na jumuiya kadhaa hufanya kanda. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ngazi hupanda kutoka jumuiya hadi mtaa, usharika, jimbo na dayosisi. Kwa kawaida familia huwa katika jumuiya moja. Kwa hiyo orodha ya familia zisizo na jumuiya, au zilizoandikwa katika jumuiya mbili, humwonyesha kiongozi mara moja mahali pa kusahihisha.

Aina ya pili ni vyama na huduma, kama WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki), VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), kwaya au wahudumu wa altare. Hapa mtu anaweza kuwa katika vikundi viwili au vitatu bila tatizo. Aina ya tatu ni vikundi vya muda, kama darasa la kipaimara au kamati ya harusi. Hivi vipewe tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na vikishamaliza kazi vifungwe ili visichanganywe na vinavyoendelea.

Si kila mkusanyiko wa watu unahitaji kuwa kikundi. Wazee waliofikisha miaka 60 hupatikana kwa kutafuta tarehe za kuzaliwa. Kikundi kilichoandikwa kwa mkono kwa ajili yao hupitwa na wakati kila mmoja anapofikisha umri huo. Ndivyo ilivyo pia kwa wenyeviti wa jumuiya. Uenyekiti ni jukumu ndani ya jumuiya, na jukumu hilo likiandikwa vizuri, wenyeviti wote hupatikana kwa pamoja pale paroko au mchungaji anapotaka kuwaita. Baada ya uchaguzi, katibu hubadilisha jukumu mahali pamoja tu.

Taarifa za ziada ziwekwe kwenye kikundi kinachozihitaji. Kwaya inahitaji kujua nani anaimba soprano, alto, tenor au besi, na shule ya Jumapili inahitaji jina la mzazi wa kila mtoto. Majina ya vikundi nayo yafuate utaratibu mmoja. Parokia yenye jumuiya mbili za Mtakatifu Yosefu itangulize jina la kanda, ili ujumbe wa jumuiya moja usiende kwa nyingine.

Muumini anapohama au kufariki, asifutwe. Hali yake ibadilishwe na tarehe iandikwe, kwani kanisa litahitaji kumbukumbu hiyo kwa cheti au barua ya utambulisho. Kwa marehemu jambo hili lifanyike upesi; ujumbe wa kumwita mkutanoni mtu aliyekwisha zikwa ni jeraha kwa familia yake.

Mwisho ni ruhusa. Katibu wa jumuiya aone watu wa jumuiya yake, mwalimu aone watoto wa darasa lake, na taarifa za sadaka za mtu mmoja mmoja zibaki kwa wahusika wa fedha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Orodha ya waumini kwa hiyo ni amana ya kisheria na ya kichungaji pia.

Kabla ya kununua au kusakinisha programu yoyote, viongozi wakae pamoja, wachore kwenye karatasi ngazi zote za kanisa lao, aina za vikundi na majukumu ya kila kimoja, kisha wamteue mtu wa kuhakiki orodha walau mara mbili kwa mwaka. Kanisa lililofanya kazi hiyo litanufaika na programu yoyote litakayochagua.