Mtoto aliyesomea nyumbani Mtwara: chuo kinachaguliwa Januari, siyo Julai



Kila matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni wazazi wa huku huku kwetu, kuanzia Mikindani na Naliendele mpaka Madimba, Msimbati na Kilambo kule mpakani na Msumbiji. Swali lao ni moja: "Mtoto hakukaa darasani, kasomea nyumbani. Je, chuo watampokea?"

Jibu fupi: watampokea. Jibu refu ndilo lililonikalisha niandike leo. Wengi wanauliza swali hilo wakati mlango walioutaka umeshafungwa, tena waliufunga wenyewe mwaka mzima nyuma, siku walipokwenda kumsajili mtoto mtihani.

Nazungumza kama mzazi mwenye vijana wawili waliosomea kwenye meza ya kulia chakula. Binti yangu aliacha shule kidato cha kwanza kwa ajili ya maradhi ya muda mrefu. Wa pili ni mpwa wangu wa Msimbati, alimaliza la saba na hakupata nafasi ya sekondari. Kwa sisi Wamakonde mjomba hawezi kusema "huyo ana baba yake", kwa hiyo dada aliponiletea mtoto nilimpokea. Wote wawili wamepitia QT, yaani mtihani wa maarifa, halafu Kidato cha Nne wakiwa watahiniwa wa kujitegemea.

Jambo moja tuelewane mapema. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa umri wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie shule. Kwa hiyo habari za kumfundisha mtoto wa miaka 8 sebuleni kama wafanyavyo wenzetu Marekani, mimi simo. Nazungumzia vijana waliomaliza la saba wakakwama. Na kama kijana bado ana njia ya kurudi darasani, arudi. Novemba 2021 serikali iliruhusu hata mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Anayeshindwa kabisa kurudi, kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vyake. Nyumbani ni njia ya mwisho, lakini ni njia.

NAMBA INAYOANZA NA P

Mwanafunzi wa shule namba yake ya mtihani inaanza na S. Wa kujitegemea inaanza na P. Nimewasikia wazazi wakisema hiyo P ni kama doa, kwamba vyuo vikiiona vinatupa fomu pembeni. Siyo kweli. Cheti ni cha NECTA, na vyuo vinatazama masomo na alama.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo, yale majaribio na mitihani ya ndani, ambazo zinachangia asilimia 30 ya matokeo yake. Mtoto wako wa nyumbani hana hizo. Kwake yeye mtihani ni asilimia 100, siku ile ile, chumba kile kile. Akiamka na malaria siku ya Hisabati, basi tena. Ndiyo maana nyumbani kwangu tulikuwa na mitihani ya majaribio ya kukaa saa tatu bila kunyanyuka, simu imefungiwa kabatini. Vijana walinichukia kidogo. Sawa tu.

Tofauti ya pili: upangaji wa TAMISEMI wa Kidato cha Tano unawahusu waliomaliza shuleni. Wa kujitegemea hatapangiwa shule ya serikali akiwa amelala. Inabidi atafute mwenyewe, na hapo ndipo mzazi unapoingia kazini.

ANZA NA KOZI, RUDI NYUMA

Hapa ndipo penye kiini cha yote. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne huanza Januari kwa mtihani wa Novemba. Siku hiyo kijana anachagua masomo. Mzazi anaona ni kujaza fomu tu, kumbe ndiyo siku mtoto anachagua chuo. Masomo yakishaandikwa, kozi nyingine zimeshakufa hapo hapo.

Mfano ni binti yangu. Kwa vile alikaa sana hospitali, akataka kuwa tabibu. Chuo cha maafisa tabibu tunacho hapa hapa Mtwara mjini. Tukafungua kitabu cha mwongozo cha NACTVET (zamani NACTE) tukasoma sifa: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti Fizikia ilikuwa inamtesa. Majirani wakanishauri aandike Historia na Kiswahili apate alama nzuri, "cheti kipendeze". Nikamwambia mama, chagua: cheti kinachopendeza au cheti kinachofungua mlango? Akaandika Fizikia. Akapata D. Kwa ngazi ya cheti na diploma D ni ufaulu, na D hiyo moja imemwezesha kuomba kozi anayoitaka. Angeandika Historia akapata A, asingekuwa na la kuomba huko.

Sayansi ina mambo ya vitendo, na nyumbani huna maabara. Kabla ya kulipa, muulize mkuu wa kituo cha mtihani sehemu ya vitendo inaendaje na vijana watajifunzia wapi. Usiulize Oktoba.

Mpwa wangu naye alikuja na neno moja: "Mjomba, mimi nataka gesi." Simlaumu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, amezaliwa ameikuta, mtambo wa Madimba uko njiani kwao. Alikuwa mdogo sana mwaka 2013 mji huu ulipowaka moto kwa ajili ya bomba, na 2015 bomba likaanza kupeleka gesi Dar. Sasa nikamuuliza: gesi ipi? Maana kwenye gesi kuna mchomeleaji, fundi umeme, mpishi wa kambi, dereva, mhasibu, na yule mtaalamu wa miamba mwenye digrii. Kila mmoja ana mlango wake. Wa mwisho anahitaji masomo ya sayansi. Mchomeleaji anaanzia VETA, ambayo hapa Mtwara ipo, na zipo fani zinazopokea hata aliyeishia la saba.

Ushauri niliompa nawapa na nyie: chagua ufundi ambao gesi ikiwepo unakula, na isipokuwepo unakula vile vile. Wenzetu wa Lindi wamesubiri mradi mkubwa wa kusindika gesi miaka mingi, na kuna vijana waliosoma kozi nyembamba za mafuta na gesi wakarudi kukaa kijiweni. Mchomeleaji anatengeneza geti la nyumba, trela la trekta na meli. Kijana amechagua uchomeleaji, na Kidato cha Nne chake anacho mfukoni akitaka kupanda juu baadaye.

VYUO VYA NYUMBANI MNAVYOVIRUKA

Watoto wetu wakisikia "chuo" wanawaza Dar es Salaam au Dodoma. Ngoja nitaje vilivyopo mkoani: Stella Maris, chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Augustino, kinachosomesha walimu tangu 2009. Vyuo vya ualimu vya serikali, Kawaida na Ufundi. Tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Tawi la Taasisi ya Uhasibu. Chuo cha kilimo MATI Mtwara, kwenye mkoa wenye kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele. Kituo cha FETA pale Mikindani kwa mambo ya uvuvi. Uuguzi Ndanda. Na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa.

Mtoto akisoma mjini hapa analala kwako na kula ugali wako. Akienda mbali kuna chumba, chakula na nauli, ambavyo kwa jumla vinaweza kuizidi ada yenyewe. Sisemi asiende. Nasema fanya hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, kijana akiwepo, aone mwenyewe.

Na kwa mtoto aliyezoea kusomea nyumbani, Chuo Kikuu Huria siyo kitu kigeni. Nidhamu anayo tayari. Aliyepungukiwa sifa za moja kwa moja kuna programu ya msingi ambayo akifaulu kwa kiwango kinachotakiwa anaingia digrii.

MWENYE KIU YA DIGRII

Njia ni mbili. Ya kwanza ni Kidato cha Sita, ambacho nacho anaweza kufanya kwa kujitegemea akiwa na angalau C tatu za Kidato cha Nne. Vyuo vikuu vinataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4. Hesabu ni A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kufika mlangoni, na C na E pia. Ila hicho ni kima cha chini, kozi nyingi zinataka zaidi na zinataja masomo.

Ya pili ni diploma yenye wastani wa 3.0 au zaidi. Wazazi wengi wanaidharau kwa kuwa ni ndefu. Mimi kwa mtoto wa nyumbani naipenda, kwa sababu anapata mwalimu, maabara na ufundi mkononi kabla ya digrii, na akikwama ada katikati ana kitu cha kuombea kazi.

Tangu 2017 maombi ya digrii yanapelekwa chuo kwa chuo, siyo TCU. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Hapo kuna mtego. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijaziwa maombi kwenye steshenari, na yule jamaa akaweka barua pepe na simu ya dukani. Namba ya kuthibitisha ikaenda huko, duka limefungwa, mwenyewe kasafiri. Nafasi ikapotea. Hakikisha simu na barua pepe ni za mtoto mwenyewe na neno la siri analijua yeye.

MAJINA NA PESA

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, la saba ni Mohamed, NECTA ni Muhamed. Huku kwetu ni jambo la kawaida, lakini kwenye mkopo ni ugomvi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi. Nyoosha majina KABLA ya usajili wa Kidato cha Nne, maana baada ya hapo unakimbizana na viapo mahakamani. Na wenye watoto wa diploma wajue kuwa tangu 2023/24 mikopo ipo kwa baadhi ya fani za diploma pia, siyo digrii peke yake.

Pesa ya usajili NECTA siyo kubwa. Miaka ya karibuni imekuwa Sh 50,000 kwa Kidato cha Nne na Sh 30,000 kwa QT, na anayechelewa anaongezewa faini. Ubaya ni wakati. Sisi pesa tunaishika msimu wa korosho, Oktoba mpaka mwaka mpya, AMCOS wakishalipa. Ikifika Februari nusu ya mtaa hauna kitu, pesa imeishia kwenye bati, pikipiki na harusi. Mimi malipo ya mnada wa kwanza yakiingia natoa ya NECTA kwanza, naiweka pembeni, na hakuna harusi itakayoigusa.

Basi wadau, kalenda ni hiyo. Oktoba weka pesa. Novemba na Desemba kaa na mtoto mfungue kitabu cha mwongozo, msome sifa za kozi tatu: anayoitamani, anayoiweza, na iliyo karibu na nyumbani. Januari ndiyo mwende kituoni kuandika masomo. Julai itawakuta mnachagua kati ya milango iliyo wazi.

Mwenye uzoefu mwingine, hasa waliopitisha watoto Kidato cha Sita kwa kujitegemea huku kusini, aongezee tufaidike wote. Nawakilisha.