Baridi katika Njia ya Misafara: Jokofu la Chanjo Umeme Unapokuwa Haba

Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilitembea miezi mitatu au zaidi kufika Kazeh, iitwayo leo Tabora, kabla ya kuendelea magharibi hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu, na pamoja na mizigo hiyo ukasafiri ugonjwa wa ndui, ulioacha maiti kambini na vijijini. Kinga yake ilikwisha kujulikana Ulaya tangu 1796, Edward Jenner alipofanya jaribio lake maarufu. Lakini chanjo ya zama zile iliharibika upesi katika joto, na safari ya miezi mitatu ilikuwa ndefu kuliko uhai wake.

Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Tatizo la njia lingalipo. Chanjo za watoto wa Sikonge, Urambo na Kaliua hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi tangu bohari hadi paja la mtoto, na katika misitu ya miombo zipo zahanati ambazo umeme wa gridi haujazifikia, au hufika ukiwa dhaifu na wa kukatikakatika.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jokofu la mafuta ya taa. Asili yake ni kazi ya wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walioibuni mwaka 1922. Halina mota, moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na amonia hiyo ikizunguka ndani ya mabomba hufyonza joto la kabati. Mtambo huohuo ndio uliowekwa katika magari ya kulala ya watalii wa Ulaya, maana hukubali gesi, mafuta au umeme. Masharti yake yanawakera wote sawasawa: lisipokaa wima barabara, kimiminika hakizunguki na baridi hukoma. Wauguzi wa zamani wanakumbuka pia utambi uliotoa moshi na galoni la mafuta lililokwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba moto haujui saa: mchana wa Oktoba kabati hupata joto, na usiku wa Juni huganda. Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena jokofu hilo kwa chanjo.

Wapo wanaofikiri kwamba jokofu la aina hiyo likiunganishwa na betri ya sola mambo yatakuwa shwari. Hesabu inakataa. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na si vema kutumia zaidi ya nusu yake, yaani 600. Jokofu la mfyonzo lenye kipasha joto cha wati 120 kinachowaka bila kupumzika litaimaliza kwa saa tano. Jokofu dogo la kompresa linalotumia wati 45, nalo likifanya kazi theluthi moja tu ya muda, litakwenda saa 40. Betri ni ileile. Tofauti ni mashine. Hata hivyo betri huchakaa baada ya miaka michache, na kabla ya kuchakaa huvutia matumizi mengine: taa ya chumba cha kujifungulia, kisha simu za watumishi, kisha simu za majirani.

Ndiyo maana majokofu mapya ya chanjo yameacha betri kabisa. Paneli huendesha kompresa moja kwa moja jua linapowaka, na baridi huwekwa akiba katika barafu iliyo ndani ya kuta. Usiku barafu huyeyuka polepole. Ili jokofu la namna hii likubaliwe na WHO, lazima litunze chanjo kwa siku tatu bila jua, muda unaofaa kwa mawingu ya masika ya Unyamwezi. Linalotakiwa ni jua lisilozuiwa. Miembe iliyowapa wapagazi kivuli bado ni fahari ya Tabora, lakini tawi moja likifunika sehemu ya paneli, nguvu hushuka mno. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kioo kikiwa bado baridi.

Kwenye umeme wa gridi, adui mkubwa wa kompresa ni volti ndogo, ambayo huunguza mota. Kidhibiti volti si anasa. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Jokofu lenye kuta za barafu hushikilia baridi kwa saa 20 na zaidi, likiwa limefungwa. Lile la nyumbani hushindwa mapema sana, na soda ya mganga mfawidhi iliyomo ndani ndiyo inayofanya mlango ufunguliwe mara kumi kwa siku.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuganda. Hofu ya joto humfanya mtumishi azungushe kidhibiti hadi mwisho umeme unaporudi, na chanjo ya pepopunda, ile ya dondakoo na ile ya homa ya ini B huharibika zikiganda. Alama ya mraba iliyo kwenye chupa hubadilika rangi kwa joto tu. Kuhusu kuganda haisemi lolote. Chupa iliyoganda ikayeyuka hupendeza macho kama nyingine, na mtoto atachomwa sindano isiyomkinga huku kadi yake ikionyesha amekamilisha. Ukiwa na shaka, gandisha kwa makusudi chupa moja ya toleo lilelile, iyeyushe, kisha zitikise zote mbili na uziweke mezani nusu saa. Ile yenye shaka ikituama haraka kama iliyogandishwa, itupwe. Joto lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, hata Jumapili.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini naye ana mnyororo wake mdogo. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, mbali na barafu. Insulini iliyoganda haitumiki tena. Iliyofunguliwa hutumika wiki nne bila friji, mahali penye ubaridi. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021, ulifuata joto lililopimwa katika kambi ya Dadaab nchini Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, ukakuta insulini imebaki na nguvu kwa wiki hizo nne. Chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, kati yao mchanga unaolowanishwa kila siku, husaidia sana wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu. Na anayepanda treni ya Kigoma aiweke insulini kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya kitambaa chenye unyevu, si dirishani kwenye jua.