Ituri: Kanisa la Sayo na makaburi ya Tombouctou, sheria moja, hukumu mbili

Vita vikipita, watu wanahesabu kwanza wafu, nyumba zilizochomwa na ngombe zilizoibiwa. Kanisa, msikiti ao kaburi la wazee vinakuja nyuma. Lakini mbele ya mahakama ya kimataifa CPI, kushambulia kwa kusudi jengo la dini, shule, hospitali ao kumbusho la historia lisilotumiwa na wanajeshi ni uhalifu wa vita. Kongo ilikubali sheria hiyo, Mkataba wa Roma, mwaka 2002.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Mali. Kati ya mwezi wa sita na wa saba 2012, waislamu wenye msimamo mkali walioshika mji wa Tombouctou walibomoa makaburi 9 ya mawalii na kuvunja mlango wa msikiti wa Sidi Yahia. Siku hizo hakukuwa mapigano ndani ya mji. Hata hivyo, tarehe 27 mwezi wa tisa 2016, CPI ilimuhukumu Ahmad Al Faqi Al Mahdi, aliyekubali kosa lake, miaka 9 ya gereza. Mwaka uliofuata, majaji walipanga fidia ya euro milioni 2.7. Makaburi yenyewe yalikuwa yamekwisha kujengwa upya na masoni wa mji, kwa msaada wa UNESCO.

Huku kwetu, mambo yalienda tofauti. Mwezi wa 11 mwaka 2002, wapiganaji wa UPC waliteka Mongbwalu na Sayo, wilayani Djugu. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, aliyepewa miaka 30 mwaka 2019, majaji walihesabu shambulio juu ya kituo cha afya cha Sayo kuwa uhalifu wa namna hiyo. Kanisa la Sayo, hapana. Sababu yao: liliharibiwa baada ya mapigano kwisha, kwa hiyo halikuwa «shambulio». Mwendesha mashtaka alikata rufaa, lakini tarehe 30 mwezi wa tatu 2021 rufaa hiyo ilikataliwa.

Mkaaji wa kawaida atauliza: kama Tombouctou hakukuwa mapigano na watu walipata haki, mbona Sayo? Majaji wenyewe hawakuwa na sauti moja juu ya neno hilo. Na swali si la wanasheria peke yao, kwa sababu huko La Haye fidia inafuata hukumu: kosa lisilohukumiwa halilipiwi.

Kwa vijiji vyetu, ambako vita havijaisha, kuna la kushika. Jengo likiharibiwa, haitoshi kusema limechomwa. Inafaa kuandika siku na saa, kundi lililofanya, na kama risasi zilikuwa bado zinalia. Picha za jengo lilivyokuwa zamani zitunzwe pia. Saa moja tu inaweza kutenganisha kesi yenye jibu na kesi isiyo na jibu.