Chakula cha Mgonjwa wa Kansa ni Sehemu ya Matibabu

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni mtu akipatwa na kansa, jamaa hukusanya fedha. Huuza mbuzi, huuza hata shamba. Wengine huvuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, ambako Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967. Hayo ni mema. Lakini wakati wanapohangaikia dawa, mgonjwa hukonda siku kwa siku, na watu husema, “Ndivyo ugonjwa ulivyo.” Kukonda huko ni adui wa pili, naye yafaa apigwe vita.

Kansa huvuruga jinsi mwili unavyotumia chakula. Tena hamu ya kula hupotea, na kinywa hupata vidonda. Dawa nyingi za kansa huua chembe za mwili zinazozaliana upesi. Kwa hiyo huumiza pia kinywa, matumbo na damu. Mwili uliodhoofika hauna akiba ya kujijenga upya. Ndipo daktari hulazimika kupunguza dawa au kuahirisha siku yake, na kansa hupata nafasi.

Jambo hili limechunguzwa hata katika Afrika yetu. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliwapima watoto wenye kansa ya figo. Mwaka 2010 walitangaza kwamba miili ya watoto waliokosa lishe ilichelewa kuondoa dawa iitwayo vinkristini. Dawa ikikawia mwilini, madhara yake huweza kuzidi.

Basi, tumpe nini? Mgonjwa wa kilo 50 huhitaji gramu 50 hadi 75 za protini kwa siku, yaani chakula kijengacho mwili. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina hata gramu 3. Gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya 20. Yai moja lina kama 6. Bugali wa muhogo peke yake hautoshi. Uji utiwe unga wa soya au karanga zilizosagwa, mboga zitiwe mafuta ya mawese, na samaki mkavu wa Ziwa Edward atwangwe atiwe katika mchuzi. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku.

Wako wanaodhani kwamba kumnyima mgonjwa chakula ni kuiua kansa kwa njaa. Si kweli, atangulia kufa mgonjwa. Wala Kwaresima isiwe sababu: Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza wakulima wengi wa Beni mashambani mwao, na chakula kimekuwa shida. Kwa hiyo mzigo huu usiachiwe nyumba moja. Jirani mwenye kuku na alete yai.

Mwisho, mpimeni mgonjwa uzito kila juma. Aliyekuwa na kilo 60, akipungukiwa kilo 3 katika miezi 6, daktari aambiwe mara moja. Msingoje mpaka nguo zimpwaye.