Pumua Kwanza, Ndo Ufulize

Ni tarehe 3. Renti ni tarehe 5, na keateka wa ploti ashaanza kukusalimia na ile sauti ya upole yenye inatisha kushinda matusi. Mathe amepiga kutoka ocha, anauliza tu ka umedishi, lakini unajua kuna kitu nyuma ya hiyo swali. Unacheki salio: soo mbili na kitu. Moyo inaanza kudunda, mabega zinapanda hadi kwa maskio, na kidole ishafika kwa Fuliza kabla kichwa ijue inaendea nini.

Hapo ndo nataka tukae kidogo. Si kwa renti, ju hiyo siwezi kukulipia. Kwa ile sekunde kidole inatembea na wewe mwenyewe haupo.

Najua venye unawaza. Unadhani sai nitakutuma Karura na mkeka mgongoni ukakumbatie miti. Kuna wasee wa hiyo form na sina noma nao. Ata Africa Yoga Project wamekuwa hapa Nairobi tangu 2007, na mayut kibao wa mtaa wametoka hapo wakiwa maticha, wanalipwa kufunza wengine kupumua. Lakini hii maneno ya kupumua haikuletwa duniani na watu wa maleging'i ya bei. 1979, daktari wa sayansi anaitwa Jon Kabat-Zinn alifungua ka-klasi kwa hosi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kule Marekani. Wanafunzi wake walikuwa wagonjwa wa maumivu yenye haiishi, mgongo, kichwa, wale madaktari walikuwa wamejaribu kila dawa wakaishiwa. Alichukua kitu Mabudha wamefanya miaka na mikaka, akatoa dini, akaacha kazi moja: kaa hapo ulipo, skia mwili, rudi kwa pumzi. Kumaanisha ilianza na watu wamesota kimwili. Si luksari.

Na hapa ndo mi huona mtu wa mtaa ana advantiji, ata ka hajui. Mtoi wa Eastlando ana rada mbaya. Anajua nduthi gani inapunguza spidi vibaya nyuma yake. Anajua sanse amevaa kiraia, anamjulia viatu. Akishuka Muthurwa na giza, anaskia hatua tatu kabla zimfikie. Kuwa makini si shida yetu hata kidogo. Shida ni hiyo rada yote inaangalia nje, masaa ishirini na nne, na hakuna mtu ashawahi kutuambia inaweza geuzwa ndani. Unaweza jua kanjo wako wapi tao nzima na usijue umeuma meno tangu asubuhi.

Jaribu sai. Taya yako iko aje?

Klasi ya poa kushinda zote ni nganya ya Jogoo Road, saa kumi na mbili jioni. Asubuhi ilikuwa finje, sai donda anaita soo, na kuna mawingu kidogo tu juu ya Industrial Area yenye haijanyesha na bado bei imepanda. Mmekwama raundabauti ya City Stadium. Besi inapiga chini ya kiti hadi figo inacheza. Mathe mmoja amebeba omena kwa karatasi. Mbele kuna msee anaongea na simu kila mtu ajue anauza ploti Kitengela. Kichwa yako inataka kuruka: utachelewa, umeibiwa soo, hii gava, hii laifu.

Wacha iruke, usiifukuze. Lakini wewe skia kiti. Skia uzito wako umekalia wapi, mguu gani imekanyaga nini. Skia besi ka besi tu, ikipanda na uti wa mgongo, bila kuiwekea maneno. Alafu pumua: vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita ama nane, pole pole. Hii ya kutoa ndefu si uchawi. Ukivuta hewa, moyo inaongeza spidi kidogo, ukitoa, inapunguza. Kuna neva kubwa inatoka kwa ubongo ikishuka hadi kwa moyo na tumbo, na kazi yake moja ni kuambia mwili ati vita imeisha, tulia. Ukitoa hewa pole pole unaiwasha. Dakika mbili tatu na mabega zinashuka zenyewe.

Na usifunge macho, buda. Hii ni Nairobi. Simu itaishia na dirisha ukiwa kwa amani yako.

Kichwa itatoroka tu. Itaenda kwa eks, iende kwa renti, irudi kwa ile kitu ulisema darasa la saba. Wasee wengi wakifika hapo wanasema hii maneno imewashinda. Lakini kutoroka ndo zoezi lenyewe. Kila ukigundua umeenda na ukarudi kwa pumzi, hiyo ni pushapu moja. Mwenye ametoroka mara hamsini akarudi hamsini amefanya kazi kushinda mwenye alikaa ametulia ka sanamu.

Kuna pia ile ya kuita hisia na jina. Donda akikurudishia chenji imepungua na uskie moto inapanda, jiambie kimoyomoyo: hii ni hasira. Si "huyu ni fala." Hii ni hasira, iko kifuani, iko moto. Inashangaza venye hasira ikiitwa na jina inapoa kiasi. Bado utadai mbao yako, na unafaa udai. Utaidai tu bila kutafuta ngumi.

Zingine ni ndogo ndogo, huhitaji kutengewa taimu. Dobi ya Jumamosi, mikono kwa beseni, povu, maji baridi. Chapo dondo kibandani na simu iko mfukoni, uskie ile chapo kweli mara moja kwa wiki. Basi.

Sasa hii ya kuwa ngumu. Mtaani tumelelewa na neno moja tu, jikaze, na ukiuliza mfano unaletewa Eliud Kipchoge. Poa, tumchukue Kipchoge, lakini tumchukue mzima. Vienna, 12 Oktoba 2019, alikimbia marathoni na 1:59:40, na njiani alikuwa anasmaili. Haikuwa raha. Ni kitu anafanyanga makusudi: maumivu ikikaza, anasmaili ndo mwili ilegee asipoteze nguvu kwa kukunja uso. Na doo zote ako nazo, kule kambi ya Kaptagat amekuwa akiosha vyoo kwa zamu ka wengine, na kila zoezi anaandika kwa daftari. Huyo ni msee rada yake iko ndani.

Lakini mi Vienna hainifunzi kushinda Paris. 10 Agosti 2024, Olimpiki, mgongo ilimkataa. Hakujikaza hadi aanguke. Alitembea, baada ya kilomita 30 na kitu akatoka, akawapa mafans viatu na namba yake ya kifua. Ilikuwa marathoni ya kwanza maishani hajamaliza. Aprili 2025 alikuwa London, akashika namba sita; Agosti, Sydney, namba tisa. Kuskia mwili ikisema imetosha, na ukaamini, na bado ukarudi mwaka unaofuata ukiwa namba sita bila aibu: hiyo ndo ugumu naelewa. Ile ya kufia njiani sioni maana.

Na hakuna mtu anajenga hiyo kitu solo. Kuna chali Mkenya anaitwa Tom Osborn, mmoja wa wenye walianzisha shirika la Shamiri. Walienda mahaiskuu za Nairobi na Kiambu, wakachukua mayut wametoka tu shule, si madaktari, wakawafunza, alafu wakawaweka na vikundi vya wanafunzi saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawakuongelea ugonjwa. Waliongelea venye mtu anaweza badilika, vitu za kushukuru, na vitu mtu anathamini. Matokeo ilitoka 2021 kwa jarida ya JAMA Psychiatry, wanafunzi 413: wenye walipitia Shamiri, huzuni na wasiwasi yao ilishuka kushinda wenzao wenye walifunzwa tu mbinu za kusoma. Kumbuka nani alikuwa anaongoza. Msee wa umri wa brathako.

Kwa hivyo geuza rada tena, hii mara kwa base. Yule beshte wako mwenye alikuwa anachapa stori hadi usiku na sai anakaa na kofia imefunika macho, umemcheki? Ukimuuliza "form ni gani" atakwambia fiti. Hiyo ni salamu, si jibu. Muulize tena mkiwa wawili, mkitembea, ju maboyz tunaongea poa ka hatuangaliani.

Pia kuna wasee wakitulia tu ndo picha zinakuja. Za nyumbani, ama za maandamano tao 25 Juni 2024. Ka ni wewe, usilazimishe kukaa kimya na pumzi. Fungua macho, shika kitu baridi, tembea, alafu tafuta mtu amesomea hiyo kazi. Red Cross ya Kenya wana namba, 1199, kupiga ni bure. Hadi Januari 2025, mtu akijaribu kujitoa uhai alikuwa anaweza pelekwa korti ka mkora, ju ya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai. Korti Kuu ikasema hicho kifungu kinavunja Katiba. Ilichukua muda, lakini sasa ata sheria inaanza kuskia.

Kitu moja imebaki, na inaniuma. Siku hizi mabosi wamependa sana hii lugha ya vijana kuwa wagumu. Unaitwa semina ya kutuliza akili, soda moja na samosa mbili, na mshahara wa miezi miwili haujaingia. Kupumua hakufai kukufanya ukubali hiyo. Ukimaliza kupumua ndo unaona venye mambo iko, na mkono haitetemeki ukiandika. So bosi akikuambia tena ati vijana wa sai hawana subira: vuta nne, toa nane. Alafu mtumie invoisi, na uweke tarehe.