MWANAO ANAPOANZA MASOMO UFARANSA

Siku hizi si ajabu kusikia ibadani tukiombea kijana anayekwenda kusoma Ufaransa. Tunapiga vigelegele, tunamsindikiza hadi uwanja wa ndege, kisha mama mzazi anarudi nyumbani na maswali yake. Atalala wapi? Atakula nini? Akiugua, nani atajua? Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo. Tutautazama mji mmoja, Strasbourg, ingawa mengi tutakayosema yanahusu miji mingine ya nchi hiyo pia.

Mji wenyewe

Strasbourg uko mashariki mwa Ufaransa, kwenye mpaka wa Ujerumani, kando ya mto Rhine. Ni mji wa tambarare na wanafunzi wengi huendesha baiskeli. Zipo pia treni za umeme zinazopita barabarani, na tangu mwaka 2017 zinavuka mto hadi Kehl, upande wa Ujerumani.

Jimbo hilo, Alsace, lilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871 hadi 1918. Kwa sababu hiyo sheria ya Ufaransa ya mwaka 1905, iliyotenganisha Kanisa na Serikali, haikutumika huko, na mpaka leo haitumiki. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Strasbourg, ingawa ni cha Serikali, kina vitivo vya teolojia ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti. Ijumaa Kuu ni siku ya mapumziko mjini humo, wakati sehemu kubwa ya Ufaransa wako kazini. Mwanao hatakosa kanisa. Mhimize alitafute Jumapili ya kwanza kabisa, kabla upweke haujamzoea.

Karatasi kwanza

Wiki za mwanzo ni za karatasi. Mwanafunzi mwenye viza ya muda mrefu inayotumika pia kama kibali cha kuishi ni lazima aithibitishe kwa njia ya intaneti katika miezi 3 tangu kufika. Akipuuza, anakuwa mkaazi asiye halali, na hapo masomo yote yanaingia hatarini. Kabla ya kuandikishwa chuoni hulipa pia mchango wa maisha ya wanafunzi, uitwao CVEC. Kwa mwaka wa masomo 2024/2025 ulikuwa Euro 103.

Shirika la umma liitwalo CROUS ndilo lenye mabweni na migahawa ya wanafunzi. Vyumba vya mabweni ni vya bei nafuu, lakini havitoshi wote. Anayepanga kwa mtu binafsi huombwa mdhamini anayeishi Ufaransa, na wewe uliye huku huwezi kuwa huyo. Upo udhamini wa bure uitwao Visale, na vijana wa kigeni wanaosoma wanaweza kuuomba. Pia mpangaji lazima akate bima ya chumba. Mwonye asitume fedha kwa mwenye nyumba asiyemfahamu, kwa chumba ambacho hakuna mtu anayemwamini aliyekiona.

Kuna jambo moja ambalo mama unaweza kulimaliza kabla hajasafiri. Ni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, yaliyoandikwa sawasawa na yalivyo katika pasi. Bima ya afya ya Serikali hukidai. Kujiandikisha katika bima hiyo ni bure kwa mwanafunzi wa kigeni, na hurudisha kiasi cha asilimia 70 ya gharama ya kumwona daktari wa kawaida, ambayo tangu Desemba 2024 ni Euro 30.

Homa isichukuliwe kuwa mafua

Hapa naomba, kama muuguzi, unisikilize kwa makini. Kijana anaweza kuondoka nyumbani akiwa mzima, huku vimelea vya malaria vimo mwilini. Homa inaweza kumshika baada ya wiki kadhaa, pengine hata miezi, akiwa tayari Ufaransa. Kichwa kinauma, mwili unatetemeka, na wenzake wanamwambia ni mafua ya baridi. Anameza dawa ya maumivu na kulala. Malaria kali haisubiri. Inaweza kuua kwa siku chache.

Mfundishe hivi: akipata homa, amwone daktari siku hiyo hiyo, na maneno yake ya kwanza yawe kwamba ametoka Afrika Mashariki na anaomba kupimwa malaria. Daktari wa huko huona mafua kila siku, bali malaria mara chache, kwa hiyo asingoje kuulizwa. Akizidiwa, namba ya simu ya wagonjwa mahututi ni 15, au 112 ambayo hutumika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Na atakapokuja likizo, alale ndani ya chandarua kama mgeni, kwa maana kinga aliyokuwa nayo hupungua.

Giza la mchana

Mwezi wa Desemba jua la Strasbourg huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Vijana wetu wengi hulemewa na giza hilo kuliko baridi yenyewe. Kijana huanza kulala mchana, halafu haendi darasani, kisha hapokei simu. Ukiona hivyo usimgombeze. Muulize kwa upole amekula nini, amezungumza na nani. Tangu mwaka 2021 Ufaransa ina namba ya simu ya bure, 3114, kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua, usiku na mchana. Aiandike mapema.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa 1 wakati wa kiangazi na saa 2 wakati wa baridi. Chagueni siku na saa maalumu ya kuongea, mshike hiyo.

Tusimgeuze benki

Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, yaani kiasi cha asilimia 60 ya saa za mfanyakazi wa kawaida. Kipato hicho ni cha kula na kulipa chumba. Jamaa wakianza kumtumia ujumbe wa ada, wa msiba na wa mabati, ataongeza saa za kazi hadi afeli mitihani. Mama, simama katikati. Waambie wajomba na shangazi kwamba mtoto yuko shuleni bado.

Hana alimwacha Samweli hekaluni, lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Aliendelea kukadiria kimo cha mtoto asiyelala tena nyumbani kwake. Nasi tufanye hivyo: tuombe, tupige simu, na tumpakie sweta nzito sandukuni.