Kijiti, chipu na namba 666: ni nini hasa kinachowekwa mwilini?

Swali hili hutufikia mara kwa mara, kwa ujumbe mfupi na kwa simu mnazopiga wakati wa vipindi vya afya. Vitu ambavyo hospitali huweka ndani ya mwili wa mtu, je, ni chipu? Na kama ni chipu, je, ndiyo ile chapa ya mnyama inayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo? Wanaouliza ni akina mama walioshauriwa kuweka kijiti cha uzazi wa mpango, ni waume zao, na wakati mwingine ni wazee wanaoogopa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Hatulicheki swali hili. Vijana wetu wanatazama kwenye vibanda umiza na kwenye simu filamu za watu waliopandikizwa mitambo mwilini, wakaongozwa kama vibaraka. Katika filamu hizo wachache wanaokataa hukimbilia porini na kuishi pamoja kama familia moja. Hiyo ni hadithi. Lakini nchini Kenya jambo linalofanana na hadithi hiyo lilitokea kweli, na watu zaidi ya 400 walikufa. Tutafika huko. Kwanza tuvitazame vitu vyenyewe.

Vitu ambavyo majirani zetu wanavyo tayari

Ukimwona bibi aliyekuwa haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, na leo anachambua mchele mwenyewe, huenda ndani ya jicho lake kuna lenzi ya plastiki. Daktari wa kwanza kuweka lenzi ya namna hiyo alikuwa Harold Ridley, mjini London, mwaka 1949. Aliona kwamba vipande vya plastiki vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuwadhuru kama alivyotarajia, akapata wazo.

Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu akafungwa chuma na skrubu ndani ya mfupa, naye anatembea na kitu kilichopandikizwa. Mwanamke mwenye kitanzi, vivyo hivyo.

Katika hivi vyote hakuna betri wala umeme. Havitumi habari yoyote popote.

Vipo vifaa vyenye umeme. Mtu ambaye moyo wake unapiga polepole mno huwekewa betri ya moyo chini ya ngozi ya kifua, na waya mwembamba hufika kwenye moyo na kuusukuma upige. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam hutoa huduma hiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wasiosikia, ambao awali walipelekwa India. Vifaa hivi hurekebishwa na mtaalamu kwa mashine maalumu. Ni kweli vina umeme na ni kweli vinaweza kuwasiliana na mashine, lakini kazi yake ni moyo na sikio. Havisomi mawazo wala havimwamuru mtu la kufanya.

Kijiti kina nini ndani?

Kijiti ndicho kinachoulizwa zaidi, kwa hiyo tukieleze kwa urefu. Hapa nchini aina mbili zinafahamika. Ya kwanza ni Implanon, kijiti kimoja chenye urefu wa sentimita 4, kinachofanya kazi kwa miaka 3. Ya pili ni Jadelle, vijiti viwili vinavyofanya kazi kwa miaka 5. Ni vya plastiki laini, vyembamba kama njiti ya kiberiti. Ndani mna homoni inayotoka kidogo kidogo, ikizuia yai kupevuka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu za kiume zisipite.

Implanon ya sasa ina pia chembe za madini ya bariamu ili ionekane kwenye eksirei. Huenda hapo ndipo neno "chipu" lilipopata nguvu, maana mtu akisikia kwamba kitu kinaonekana kwenye mashine, anadhani kinatoa mawimbi. Mfupa wako nao unaonekana kwenye eksirei, na hautoi mawimbi.

Kijiti kina maudhi yake, na si vizuri kuyaficha. Hedhi inaweza kuvurugika: ikatoka kidogo kidogo kwa siku nyingi, ikawa nzito, au ikakoma kabisa. Wengine huumwa kichwa au matiti. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu yake, kwa hiyo mwambie mhudumu dawa zote unazotumia.

Mwanamke ana haki ya kutaka kitolewe siku yoyote, hata kama muda haujaisha. Hatari kubwa ni kukitoa nyumbani kwa wembe baada ya kutishwa na maneno ya mtaani. Mkono una mishipa ya damu na ya fahamu, na kidonda kinaweza kuoza. Nenda kwenye kituo cha afya. Ukipapasa ukakikosa, usikitafute mwenyewe.

Chipu za kweli zipo, na zikoje?

Tusidanganyane kwamba chipu za mwilini hazipo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu chipu ya kuwekwa kwa binadamu iliyoitwa VeriChip, yenye ukubwa wa punje ya mchele. Haikupata soko kubwa, na mwaka 2010 iliacha kuuzwa. Nchini Sweden maelfu ya watu wameweka chipu mkononi kwa hiari yao, wafungulie milango au waonyeshe tiketi ya treni.

Chipu hizo hazina betri. Zinafanana na hereni za kielektroniki za ng'ombe ambazo wafugaji wetu wamezisikia: bila mtu kusogeza kisomeo karibu, hereni haisemi kitu. Anayetaka kujua ng'ombe yuko wapi hawezi kuiuliza hereni kutoka Dodoma.

Kitu kinachojulikana kilipo ni simu uliyoishika sasa hivi. Inazungumza na mnara wa karibu kila wakati, imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, na ndiyo maana inakula chaji kila siku. Kama hofu yako ni kufuatiliwa, anza na simu kabla ya kijiti.

Hofu ya kuandikwa ina historia. Wakati wa ukoloni nchini Kenya, wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea na kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kwa hiyo ni haki kuuliza nani anahifadhi habari zako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako zimo katika zile zinazolindwa zaidi. Marekani nako jimbo la Wisconsin lilipiga marufuku mwaka 2006 kumlazimisha mtu yeyote kuwekewa chipu.

Imani inasema nini?

Ufunuo sura ya 13 inataja chapa katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, ambayo asiyekuwa nayo hawezi kununua wala kuuza. Kufasiri maandiko ni kazi ya viongozi wa dini, si ya redio. Tunachoweza kusema ni kwamba hakuna duka Songea linalomuuliza mteja kama ana kijiti, na kwamba kijiti huwekwa juu ya mkono, upande wa ndani, kwa kawaida mkono ambao mtu hautumii sana.

Yapo makatazo ya imani ambayo hayana uhusiano na chipu. Kanisa Katoliki linafundisha, katika waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, kwamba waumini wasizuie mimba kwa njia zisizo za asili. Anayekataa kijiti kwa sababu hiyo anafuata dhamiri yake, na anastahili heshima. Anayekataa kwa sababu ameambiwa kina shetani ndani, huyo amedanganywa.

Sisi watu wa Songea tunajua imani na mwili vinavyogusana. Kila Februari 27 tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Wengi katika vita vile walikunywa au kunyunyiziwa maji wakiamini risasi haitawapata. Walikuwa wanapigania haki ya kweli. Hata hivyo, ahadi juu ya miili yao haikutimia.

Shakahola: familia iliyowafungia watu mlango

Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilianza kuandikisha watu kwa Huduma Namba. Mhubiri Paul Mackenzie wa Malindi alikuwa miongoni mwa waliohubiri kwamba namba hiyo ni ya kishetani. Aliwapinga pia walimu na madaktari. Baadaye wafuasi wake waliacha kazi na ndugu, wakahamia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa humo, mingi ikiwa na dalili za njaa, na watoto wakiwa wengi. Mackenzie ameshtakiwa na amekana mashtaka, na mwenye kuamua ni mahakama.

Waliokwenda msituni hawakuwa na kifaa chochote mwilini. Walikuwa na hofu, na walikuwa na watu wapya waliowaita ndugu. Kutafuta ndugu nje ya damu si kosa. Jumuiya ndogo ndogo, vikoba na vikundi vya watu wanaoishi na VVU vimewalea wengi waliokataliwa nyumbani kwao. Tofauti ni kwamba ndugu wa kweli atakusindikiza hospitali, atakuacha umsikilize na mtu mwingine, na ukitaka kurudi kwa mama yako hatakuzuia njiani.

Kabla ya kukubali au kukataa

Mhudumu akikushauri kuweka kitu mwilini, muulize: Kinaitwaje na kina nini ndani? Kitakaa muda gani, na nikitaka kitolewe nije wapi? Maudhi yake ni yapi? Habari zangu zitaandikwa wapi, na nani atazisoma? Mhudumu mzuri hakasiriki kuulizwa. Omba uonyeshwe kijiti kabla hakijawekwa, ukishike kwa mkono wako.

Muulize hivyo hivyo anayekutisha: umeyajua wapi haya, na naweza kumuuliza nani mwingine? Akikujibu kwamba kuuliza ni dhambi, mwenye kuogopwa ni yeye.

Kama bado una swali, tutumie ujumbe. Tutalipeleka kwa mtaalamu wa afya na kulijibu hewani, bila kutaja jina lako.